Vidoti viwili gizani nikajua huyo ni MTU. Jicho limejuaje?

#1 Fuso_la_Segera
Wakuu habari za usiku. Hili jambo lina wiki nzima halinitoki kichwani, naomba tulijadili.

Mimi dereva wa fuso, njia ya Tanga Dar naipiga mwaka wa kumi na moja huu. Alhamisi iliyopita natoka Segera naelekea Chalinze, saa kumi na moja alfajiri, mvua imekatika muda si mrefu na lami inameremeta. Mbele naona kitu kinang'aa pembeni kimetulia, nikajua kibao cha barabara. Nafika, kumbe mtu kavaa riflekta ya njano anatembea zake! Nilimpita karibu mpaka utingo akapiga kelele. Dakika kumi hazijaisha naona vidoti viwili vidogo vyeupe, chini kabisa, kimoja kinapanda kingine kinashuka. Sijaona mwili, sijaona nguo, sijaona kitu kingine chochote ila mguu ulishafika kwenye breki kabla sijawaza, nikamwambia utingo "mtu huyo". Na kweli, mtoto wa shule, raba zake zina vile vipande vya kung'aa nyuma ya kisigino.

Sasa nauliza. Wa kwanza riflekta imejaa kifua kizima nikamdhani kibao. Wa pili vidoti saizi ya kizibo cha soda nikamjua kutoka mbali. Jicho linaona nini pale? Na wanyama je, nao wako hivyo au ni sisi tu?

#2 Kahawa_Chungu
Nimekaa siti ya mbele kabisa, wajuzi karibuni

#3 Mwl_Bios
Shukrani mkuu kwa uzi. Hicho ulichokiona Segera kuna mtu alikitengeneza makusudi. Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Alichukua mtu akamfunga vitaa vidogo kwenye maungio: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti, vifundo vya miguu, akazima taa zote akapiga filamu. Mwaka 1973 akatoa maandiko yake. Ukiona picha moja iliyosimama unaona nyota zimetawanyika tu, hakuna anayesema ni mtu. Filamu ikianza kutembea, papo hapo kila mtu anasema "mtu anatembea". Baadaye alipima muda, sehemu ya tano ya sekunde inatosha na watu wanajua, hata akiwa anapanda ngazi au wawili wanacheza dansi.

Ndio maana riflekta ya kifua ilikudanganya. Kifua ukitembea hakifanyi kitu kikubwa, kinasogea kipande kimoja kama mzigo juu ya toroli. Vifundo ndio vinazungumza, kimoja kinapaa kingine kimekanyaga, halafu zamu inageuka.

#4 Mkereketwa
Mwl_Bios umesema vyema, niongeze na kurekebisha kidogo. Hakutumia vitaa tu, alitumia pia vipande vya kung'aa vya kubandika huku taa kali iko jirani na kamera, kwa hiyo ni sawasawa kabisa na taa za fuso na raba za yule mtoto. La pili, wazo lenyewe si lake la kwanza. Mfaransa Étienne-Jules Marey miaka ya 1880 alishawavalisha watu nguo nyeusi tii zenye mistari myeupe mikononi na miguuni akawapiga picha wakitembea na kuruka. Tofauti ni kwamba Marey alitaka kujua mwili unaendaje, Johansson alitaka kujua anayeangalia anaonaje. Hayo ni mambo mawili.

#5 Fuso_la_Segera
Aisee kumbe watu walianza kitambo. Asanteni. Ila bado, kwa nini ubongo uone MTU na usione vidoti viwili vinavyoruka? Mbona vimulimuli navyo vinapanda na kushuka na sijawahi kumfungia kimulimuli breki?

#6 BintiShela
Assalam alaykum. Mie niko Lamu, hili sisi huku twalijua tangu tukiwa wadogo bila hata kusoma. Mitaa yetu myembamba, wanawake twavaa mabuibui meusi na wengi wafunika uso. Ukikaa barazani jioni waona mabuibui kumi yapita yote sawa. Na hakuna anayepotea! Utasikia mtu asema "yule yuwaja ni mama fulani" na yuko mbali hata viatu hujaviona. Kuna anayetupa bega, kuna anayekwenda kama mwenye ndoo kichwani ingawa hana ndoo, mamangu mie ana kijikituo kidogo kila hatua kwa sababu ya goti. Wanangu wakiwa na miaka miwili mitatu wamkimbilia bibi yao kati ya wanawake ishirini watokao harusini, na wote wamejifunika. Sasa hapo mtoto aliona nini?

#7 Hesabu_Kwanza
Nakuheshimu dada BintiShela ila tusijidanganye. Mtaa wako unajua nani hupita saa ngapi na anatokea nyumba gani. Unajua urefu, unajua unene, unajua kapu lake, hata udi anaojifukiza. Hilo la mwendo mnalipa sifa kubwa kuliko kazi inayofanya.

Tuje kwenye namba. James Cutting na Lynn Kozlowski, Marekani, mwaka 1977 walichukua marafiki sita wanaofahamiana vizuri, wakawarekodi kwa vidoti tu kisha wakawaambia haya tambuaneni. Walipatia kama asilimia 38. Kubahatisha tu kungewapa 17 hivi. Kwa hiyo ndiyo, kuna kitu, lakini zaidi ya nusu walikosea! Marafiki hao.

#8 BintiShela
Hesabu_Kwanza, asilimia 38 kwa vidoti tupu bila umbo bila sauti waiona kidogo? Wewe nikuonyeshe nyota gizani unambie ni rafiki yako yupi. Na hao ni marafiki wa chuo, hawakulelewa kibaraza kimoja miaka arobaini.

#9 Kahawa_Chungu
Hapo Hesabu ameguswa 😂 dada kaja na ushahidi wa mtaa mzima

#10 Kuku_Njombe
Salaam wote. Kwenye wanyama nisikilizeni mimi maana nafuga. Nina mashine ya kutotolesha, vifaranga wanatoka hawajawahi kumwona mama yao hata siku moja. Ukiwatoa siku ya kwanza wakakauka manyoya, ukipita miguu yako mbele yao wanaifuata. Ukisimama wanasimama wanaanza kulia. Nimejaribu kuvuta ndoo kwa kamba, wanaangalia kidogo wengine wanafuata lakini si kwa moyo ule. Miguu ya mtu inawavuta kuliko ndoo, hili nimeliona kwa macho yangu miaka sita.

Na mwewe sasa! Kifaranga wa wiki moja kivuli cha mwewe kikipita wanaingia chini ya majani wote kwa mpigo, ila njiwa akipita hawana habari. Nani kawafundisha? Mashine?

#11 Mwl_Bios
Kuku_Njombe wewe ni mtafiti bila cheti. Waitaliano, Giorgio Vallortigara na wenzake, mwaka 2005 walitotolesha vifaranga gizani kabisa, hawajaona mwanga wala kiumbe. Wakawaweka katikati, upande huu vidoti vya kuku anayetembea, upande ule vidoti vile vile vinakwenda ovyo au kwa pamoja kama kitu kigumu. Vifaranga wakasogea kwa kuku. Hapa sasa ndipo penye utamu: walipowawekea vidoti vya PAKA anayetembea, nako walisogea! Maana yake hawazaliwi na picha ya mama, wanazaliwa na kitu kinachosema "hiki kina uhai, sogea", kuku au adui watajua mbele ya safari.

Halafu huko huko Italia, mji wa Padova, mwaka 2008 wakafanya kwa binadamu, watoto wachanga wa siku mbili. Waliwaonyesha vidoti vya kuku anayetembea, na watoto wakakodolea hivyo kuliko vya ovyo. Mtoto wa siku mbili hajui kuku ni nini! Mimi nikisoma hii huwa nasimamisha kazi zote.

#12 Hesabu_Kwanza
Ya vifaranga nakubali, kazi safi ile. Ya mwewe nina shaka nayo. Miaka ya 1930 Konrad Lorenz na Niko Tinbergen walipitisha ubao angani wenye shingo ndefu upande mmoja na mkia upande mwingine. Ukienda shingo mbele unafanana na bata bukini, ukienda kinyume unafanana na mwewe, na ndege wakaogopa ule wa mwewe. Dunia nzima ikaandika "wamezaliwa nalo". Baadaye Wolfgang Schleidt akafanya na bata mzinga akakuta wanaogopa umbo lolote ambalo ni GENI kwao. Bata bukini wanapita kila siku wamezoeleka, mwewe anapita mara chache. Kuku_Njombe, njiwa kwako wanapita mara ngapi kwa siku?

#13 Kuku_Njombe
Njiwa ni wengi mno, wanashinda hapo wakiiba pumba. Hapo umeniweka pagumu kidogo. Lakini kunguru wanapita mara chache na vifaranga hawakimbii vile. Wanachuchumaa tu. Nitahesabu wiki hii nirudi.

#14 OleKajiado
Wasee mimi ni mfugaji, Kajiado huku Kenya. Hata sisi ng'ombe tunawajua kwa mwendo, iko mbali kwa vumbi, rangi huioni, lakini unasema ile ni yangu ile si yangu. Na kabla ng'ombe haijaanza kukataa nyasi ushaona inaweka mguu wa nyuma kwa njia haifai, hapo unajua kuna shida kwa kwato au tumbo. Mzee wangu akiwa ameshaanza kupoteza macho, sura za watoto hazioni vizuri, lakini ng'ombe ikichechemea mita mia moja anakuambia ni gani.

Na mbwa pia. Nikisimama wima mbali kwa boma mbwa wangu wananibwekea kama mgeni. Nikianza kutembea tu wananyamaza na mkia unaanza. Kila siku hivyo hivyo.

#15 Mkereketwa
OleKajiado hilo la mbwa lina maandiko. Madaktari wa macho ya mifugo hutaja jaribio la mbwa 14 wa polisi, wenye macho makali kati yao walitambua kitu kinachotembea kikiwa mita 810 hadi 900, lakini kitu hicho hicho kikitulia ilibidi kiwe mita 585 au karibu zaidi. Mbwa undani wa picha anauona kwa ukungu kuliko sisi, mwendo ndio wake.

#16 Mlinzi_wa_Usiku
Wote mmezunguka, hamjasema la msingi. Wazee wa Pwani walituambia ukikutana na mwanamke mzuri usiku usimwangalie uso, mwangalie MIGUU. Jini umbo lote atajigeuza ila kwato hazifichiki. Sasa mbona wazee walijua jibu liko miguuni kabla ya hao wa Sweden?

#17 Kahawa_Chungu
Mlinzi umekuja na majini kwenye uzi wa sayansi 😂😂 ila point unayo

#18 Mwl_Bios
Msicheke sana, Mlinzi kagusa mahali. Nikolaus Troje akiwa Kanada, pamoja na Cord Westhoff, mwaka 2006 walichukua vidoti vya mtu, vya paka na vya njiwa, wakavitawanya mpaka umbo likafa kabisa. Hakuna anayeweza kusema huyo ni nani. Lakini watu bado waliweza kusema "anaelekea kulia" au "kushoto"! Walipovipindua vidoti vya miguu juu chini, uwezo ukapotea. Vya sehemu nyingine hata ukipindua haidhuru. Maelezo yao ni kwamba mguu unaning'inia na kuangushwa na uzito wa dunia kwa namna yake, hakuna kitu kisicho na uhai kinachoinuka na kushuka vile, na macho ya wanyama wengi yamekaa tayari kuikamata ile. Fuso_la_Segera hapo ndipo kimulimuli anapotofautiana na raba. Kimulimuli hakanyagi chini.

#19 BintiShela
Mwalimu nakuheshimu lakini buibui lafagia chini. Miguu haionekani kabisa! Na bado twajuana. Kwa hiyo ya miguu si jibu.

#20 Mkereketwa
Nadhani mnabishana vitu viwili tofauti. Kuna "hiki ni kiumbe hai" na kuna "huyu ni mama yangu". La kwanza huenda ni miguu, liko hata kwa kifaranga wa saa chache. La pili ni mwili mzima, mabega yanavyopishana na nyonga, na hilo linahitaji kuzoea mtu. Ubongoni pia kuna eneo pembeni, juu kidogo ya sikio, linalowaka zaidi mtu akiangalia vidoti vya mtembeaji kuliko vidoti vya ovyo.

#21 Hesabu_Kwanza
Maelezo mazuri Mkereketwa ila hayaui maelezo ya tatu, kwamba tunatambua kwa sababu miili YETU inatembea hivyo hivyo. Unaona hatua ya mwenzio na mwili wako unaielewa kwa sababu unaifanya. Kuna watafiti Marekani, Loula, Shiffrar na wenzao, 2005, waliwarekodi watu kwa vidoti, baada ya miezi wakawaonyesha. Waliojitambua WENYEWE walikuwa wengi kuliko waliotambua marafiki. Nani kati yetu anajiona akitembea? Hakuna. Rafiki unamwona kila siku. Kama ni mazoea ya macho tu, rafiki angeshinda.

#22 Kuku_Njombe
Na kifaranga mwenye miguu miwili amfuate paka mwenye minne kwa sababu mwili wake unatembea vile? Hapana ndugu.

#23 Rafiki_wa_Kamera
Samahani naingilia. Napiga video za harusi Morogoro. Mwaka jana siku moja nilipiga kazi na kijana mmoja, kila mtu na kamera yake. Kesho yake tunakata video, mimi mwenyewe nikaonekana kwenye kipande nilichopigwa na mwenzangu, nikitembea kuelekea jukwaani, mgongo tu. Moyo ulisimama. Nilimwona marehemu baba yangu. Si sura, sura hata haionekani, ni ule mkono wa kushoto unaobaki nyuma kidogo na kichwa kinachotangulia. Baba amefariki 2014. Nimekitunza kile kipande. Hesabu_Kwanza unasema watu wanajitambua, mimi sikujitambua, nilimtambua yeye.

#24 BintiShela
Mungu amrehemu babako. Umenitoa machozi.

#25 Hesabu_Kwanza
Pole sana ndugu. Hilo siwezi kulibishia kwa asilimia.

#26 Mama_wa_Mmoja
Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mwanangu ana miaka mitano ana usonji (autism). Kuna utafiti wa Ami Klin na wenzake, 2009, watoto wa miaka miwili wenye usonji vidoti vya mtu anayetembea havikuwavuta. Kilichowavuta ni pale sauti na mwendo vinapogongana kwa wakati mmoja, kama kupiga makofi. Niliposoma nilikaa chini. Mwanangu nikitokea getini ananiangalia kama mti. Nikigonga funguo zangu kwenye geti hatua kwa hatua, hatua na mlio, anainua kichwa na kuja. Nilidhani ni tabia yetu sisi wawili tu.

Nauliza Mwl_Bios, maana yake ananiona sivyo wanavyoona wengine?

#27 Mwl_Bios
Mama pole na hongera kwa hizo funguo, umegundua mlango wake. Ninavyojua tafiti za baadaye hazikubaliani zote, nyingine zimekuta watu wazima wenye usonji wanawatambua watembeaji wa vidoti vizuri tu. Kwa hiyo si kwamba jicho halioni, inaonekana zaidi ni nini kinachomvuta kwanza. Endelea na funguo.

#28 OleKajiado
Mama ata ng'ombe tunazifunga kengele, si macho peke yake yanajua. Ubarikiwe.

#29 Mlinzi_wa_Usiku
Na kinyonga je? Yule anatembea mbele nyuma mbele nyuma kama anayecheza. Mimi naamini anavunja hesabu ya macho ya ndege, anatikisika kama jani kwenye upepo.

#30 Mkereketwa
Ndivyo wengi wanavyoeleza, ingawa wapo wanaosema anapima umbali kwa kujisogeza. Upande wa pili wa hilo ni chura. Mzingire na nzi waliokufa wametulia, atakufa njaa katikati ya chakula. Mjerumani Jörg-Peter Ewert alimpa chura wa nchi kavu kipande kirefu cha karatasi: kikienda kwa urefu wake kama mnyoo anakirukia, kipande hicho hicho kikienda kimesimama wima hakitaki. Kwa chura kitu na mwendo wake havitenganishwi.

#31 OleKajiado
Na mbung'o wanafukuza gari likitembea kwa pori, ukisimama wanapoa. Hao nao?

#32 Mkereketwa
Mbung'o hajali kama kina uhai, kitu kikubwa cheusi kinachosogea kinamtosha. Mitego yake inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, haina miguu wala hatua. Kwa hiyo si kila mdudu ana hilo jicho la hatua.

#33 Fuso_la_Segera
Nimerudi wakuu, nilikuwa safari. Nimesoma yote. Mwl_Bios kuna utafiti wowote juu ya nini mtu avae usiku ili dereva amwone?

#34 Mwl_Bios
Kipo. Joanne Wood wa Australia na Rick Tyrrell wa Marekani na wenzao wamefanya miaka mingi, dereva anaendesha usiku, mtu yuko pembeni. Kiasi kile kile cha kitambaa cha kung'aa ukikiweka kifuani dereva anamwona mtu kwa kuchelewa, ukikigawa kwenye vifundo, magoti, viganja na viwiko anamtambua akiwa mbali zaidi sana. Kitambaa hakijaongezeka. Na anayetembea kwa miguu mara nyingi anadhani anaonekana kwa sababu yeye anaiona taa ya gari. Hilo ndilo linaloua.

#35 Fuso_la_Segera
Basi ngoja niseme nilichofanya. Jana nimenunua mkanda wa kung'aa mita mbili, mke wangu kaushona kwenye suruali za wanangu wawili, vifundoni na magotini, na vipande kwenye mikono ya sweta. Usiku nikawapeleka mwisho wa barabara yetu ya vumbi, nikawasha taa za gari, mama yao kasimama kando yangu. Wakaanza kuja. Akasema "wa kulia ni mkubwa" wakiwa mbali bado, mimi naona vidoti tu.

#36 Hesabu_Kwanza
Mkubwa ni mrefu?

#37 Fuso_la_Segera
Wamepishana kama inchi mbili.

#38 Hesabu_Kwanza
Inchi mbili na magoti yana alama, urefu wa muundi unaonekana. Rudia wakiwa wamebadilishana suruali, na mama yao asijue nani kaanza upande gani.

#39 BintiShela
Na mie naomba ushauri, mkanda kwenye buibui nishone wapi? Pindo la chini laburura vumbi.

#40 Fuso_la_Segera
Dada shona kwenye viganja vya mikono na pindo kidogo juu ya vumbi, kwa ninavyoona mimi barabarani, kitu kinachoyumba na hatua nakiona. Hesabu_Kwanza Jumamosi narudia na suruali zikiwa zimebadilishwa, nitaandika hapa hapa.